Kahawa ya Tarime sasa yadaiwa anwani ya shamba

Kwa miaka mingi mfanyabiashara anayenunua kahawa wilayani Tarime alikuwa na maswali matatu tu: uzito, unyevu na daraja. Sasa limeongezeka la nne, nalo ndilo linalowaumiza vichwa makarani wa vyama vya msingi na mawakala wa makampuni. Kahawa hii imetoka shamba lipi?

Swali hilo halikutungwa Tarime, wala halikutungwa Moshi kwenye Bodi ya Kahawa. Limetoka Brussels. Kanuni namba 2023/1115 ya Umoja wa Ulaya, iliyopata nguvu ya sheria Juni 2023, inataka kahawa, kakao, mawese, soya, mpira, mbao na ng'ombe wanaoingizwa katika soko hilo waambatane na ushahidi kwamba hawakutoka katika ardhi iliyofyekwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Ushahidi unaoanza kutazamwa ni mahali lilipo shamba, kwa vipimo vya latitudo na longitudo. Shamba lisilozidi hekta 4, kiasi cha eka 10, linatosha kwa pointi moja. Lililozidi hapo linachorwa mpaka wake wote.

Utekelezaji umeahirishwa mara mbili. Awali ulikuwa uanze Desemba 30, 2024, ukasogezwa mwaka mmoja, na Desemba 2025 ukasogezwa tena. Tarehe iliyopo ni Desemba 30, 2026 kwa makampuni makubwa na ya kati, na Juni 30, 2027 kwa yale madogo. Wapo wafanyabiashara walioshangilia kila mara tarehe iliposogezwa, wakidhani jambo lenyewe limekufa. Hiyo ni hesabu mbaya, kwa kuwa kahawa itakayofika bandari ya Ulaya baada ya tarehe hizo itakuwa imechumwa miezi mingi nyuma, na pointi ya shamba haichukuliwi melini.

Msomaji achukue mfano wa kontena moja. Kontena la kawaida la kahawa hubeba magunia 320 ya kilo 60, yaani tani 19.2. Tuseme mkulima mdogo wa milimani Tarime anatoa kilo 200 za kahawa safi kwa msimu. Ili kontena lijae wanahitajika wakulima 96. Sasa tuseme 95 kati yao wameorodheshwa vizuri, na mmoja kaleta gunia tatu usiku kutoka kwa shemeji yake asiyejulikana. Kanuni hairuhusu kahawa yenye shamba linalojulikana ichanganywe na isiyojulikana halafu yote ipite kwa jina la wema. Gunia hizo tatu zimeliharibu kontena zima, na mwagizaji wa Ulaya anayekubali kulipokea anajiweka katika hatari ya faini ambayo kiwango chake cha juu hakitakiwi kupungua asilimia 4 ya mauzo yake ya mwaka ndani ya Umoja huo. Mwenye kampuni hawezi kubeba hatari ya namna hiyo kwa ajili ya shemeji wa mtu.

Ndiyo maana kumbukumbu za shamba, jambo ambalo mabwana shamba wamelihubiri tangu enzi za mkoloni bila kusikilizwa sana, limegeuka ghafla kuwa sehemu ya bei.

Kwa Tarime jambo hili lina uzito wake wa pekee kwa sababu ya mpaka. Kutoka mjini Tarime hadi Sirari ni mwendo mfupi, na ng'ambo ni Isebania, Kenya. Kila bei ya upande wa pili inapokuwa nzuri zaidi, au malipo yanapokuwa ya haraka zaidi, kahawa huvuka kwa njia za panya, na serikali huita magendo. Mkulima anayo hoja yake: anauza kwa anayelipa leo. Lakini gunia lililovuka usiku limeacha anwani yake nyuma. Huko linakofika litapewa jina la shamba lisilolizaa, au litauzwa kwa anayejua kwamba halina jina, naye atakata bei kwa kadiri hiyo. Ulanguzi wa zamani ulikuwa unaficha ushuru tu. Huu wa sasa unapoteza hata thamani ya bidhaa yenyewe.

Ni kweli kwamba soko likiwa na njaa hakuna anayeuliza sana. Februari 2025 bei ya arabika katika soko la New York ilivuka dola 4 za Marekani kwa ratili, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla, na katika siku kama hizo hata kahawa ya chini ya kitanda hupata mteja. Tofauti kati ya mwenye kumbukumbu na asiye nazo huonekana bei inaporudi chini, mnunuzi anapokuwa na nafasi ya kuchagua. Anayengoja siku hiyo ifike ndipo aanze kuandika atakuwa amechelewa misimu miwili.

Kukosekana kwa maandishi si jambo geni Mara. Wazee waliouza kupitia vyama vya ushirika wanakumbuka malipo ya awali, malipo ya pili, na yale ya mwisho yaliyokuwa yakingojwa kama mvua ya Machi. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa miaka ya themanini, ndipo mkoa ukapata chama chake kikuu, Mara Cooperative Union (1984). Baadaye soko likafunguliwa, na kuanzia msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua kahawa. Katika mapito yote hayo kitabu chenye uzito na deni kilikaa upande mmoja wa mizani, yaani upande wa karani. Mkulima alibaki na kistakabadhi ambacho panya na mvua vilikimaliza kabla ya malipo ya pili. Alipodai, aliombwa alete uthibitisho.

Leo karatasi inaondoka na kompyuta inaingia, lakini upande wa mizani haujabadilika sana, na hapo ndipo penye kiini cha suala hili.

Tazama kumbukumbu ngapi za mkulima wa Tarime au Serengeti tayari zimo katika mitambo. Tangu msimu wa 2022/23, serikali ilipoanzisha ruzuku ya mbolea kwa bajeti ya sh. bilioni 150, mkulima anayetaka mfuko wa bei nafuu huandikishwa kijijini, jina lake, ukubwa wa shamba na mazao yake vikaingizwa katika mfumo unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, naye akapata namba ya kwenda nayo dukani. Tume ya Maendeleo ya Ushirika inao Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, maarufu kwa jina la MUVU. Chama kikuu cha WAMACU, chenye makao Tarime, kinakusanya kahawa kupitia vyama vya msingi, na kila anayepima anaandikwa. Kampuni ya simu inajua kila senti iliyopita katika simu yake. Wizara ya Kilimo nayo ina M-Kilimo, inayopatikana hata kwa simu ya kitochi kwa kubonyeza *152*00#.

Hivyo si kweli kwamba mkulima hana kumbukumbu. Anazo, tena nyingi, ila zipo kwa watu wengine. Mwenye duka la pembejeo anajua kanunua nini, chama kinajua kauza kiasi gani, mnunuzi anajua anadaiwa ngapi. Mtu pekee ambaye hawezi kusema kwa uhakika kama msimu uliopita alipata au alipoteza ni mwenye shamba.

Hesabu ndogo ya mahindi inaonyesha gharama ya kutojua. Tuseme eka moja, na takwimu hizi ni za mfano tu. Kulima kwa maksai mara mbili sh. 80,000. Mbegu sh. 60,000. Mfuko wa DAP na mfuko wa urea, kwa bei ya ruzuku ya msimu ule wa 2022/23, sh. 70,000 kila mmoja. Palizi mbili sh. 100,000. Kuvuna, kubeba na kupukuchua sh. 60,000, magunia na dawa ya kuhifadhia sh. 20,000. Jumla ni sh. 460,000. Shamba likitoa kilo 1,200, kila kilo imemgharimu mkulima kama sh. 383.

Anapokuja mwenye lori Julai akitaja sh. 400, mkulima asiyeandika huona fedha nyingi mkononi: sh. 480,000. Palizi na mavuno vilifanywa na mke na watoto, hivyo kichwani mwake gharama yake ni sh. 300,000 tu, na anaamini kapata faida ya sh. 180,000. Kwa kweli kapata sh. 20,000, na ile tofauti ni jasho la watu wa nyumbani ambalo hakulilipa. Angekuwa na hiyo 383 imeandikwa mahali, angeuza gunia nne za kumalizia ada ya shule na kuzuia nyingine. Hata mwenye lori angefaidika kujua, kwa kuwa mkulima anayeuza kwa hasara mwaka huu hupunguza eka mwaka unaofuata, na lori linarudi nusu tupu.

Mjini Mugumu, makao ya Wilaya ya Serengeti, mambo yanachukua sura nyingine. Huko kuna pamba, kuna tumbaku, na kuna jirani asiyelipa kodi: tembo.

Tumbaku ndilo zao lenye hesabu ngumu kuliko yote. Mkulima hulima kwa mkataba, hupewa pembejeo kwa mkopo, na deni hukatwa siku ya soko. Bei hupangwa kwa dola, malipo hufanywa kwa shilingi. Mkulima wa kilo 800 kwa dola 2, tuseme, ana dola 1,600. Tofauti ya sh. 50 tu katika kiwango cha kubadilishia fedha ni sh. 80,000, kuliko mfuko mzima wa mbolea. Asiyeandika kiwango kilichotumika siku ile, wala idadi ya mifuko aliyopokea Septemba, hana la kubisha siku ya makato. Si lazima kuwe na mwizi. Karani aliyechoka akibonyeza 8 badala ya 3, kosa linabaki kuwa deni halali hadi atokee mtu mwenye karatasi nyingine.

Kwa pamba, jambo la kuangaliwa ni ushuru. Tangu mwaka 2017 ushuru wa halmashauri kwa mazao ya biashara ni asilimia 3, na wa mazao ya chakula asilimia 2, badala ya ile 5 ya zamani. Kisheria anayeulipa ni mnunuzi. Kwenye sh. milioni moja ya pamba hiyo ni sh. 30,000. Mkulima mwenye mauzo yake kwenye simu anaweza kuuliza kwa nini zimekatwa kwake. Asiye nayo husikia tu kwamba kuna makato.

Tembo ni habari ndefu. Vijiji vinavyopakana na hifadhi na mapori ya akiba, kama Robanda na Bonchugu, hupoteza mazao kwa usiku mmoja. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa eka, kati ya sh. 25,000 na sh. 100,000 kwa kutegemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, kwa eka zisizozidi 5. Zilikuwa fedha kidogo, na kila mwaka wabunge walisema hivyo. Lakini hata hizo kidogo hutegemea uthibitisho wa ukubwa wa shamba, umbali wake, na mazao yalikuwa yamefikia wapi. Tathmini inapofika siku kadhaa baada ya tukio, shamba ni mabua na nyayo. Picha iliyopigwa kwa simu wiki moja kabla, yenye tarehe na pointi ya mahali, ina nguvu kuliko mashahidi watano wa ukoo mmoja. Ajabu ni kwamba pointi hiyo hiyo ndiyo Brussels inayoitaka kwa kahawa ya Tarime.

Vifaa vinavyohitajika si vya ajabu. Walio wengi vijijini wangali na kitochi, na kitochi kinatosha kwa mengi: ujumbe mfupi anaojitumia mwenyewe mtu kila anapolipa kibarua, wenye tarehe iliyowekwa na mtandao wenyewe, ni leja. Malipo yanayopitishwa kwenye simu badala ya mkononi hubaki katika taarifa ya miamala, na taarifa hiyo inaweza kuombwa. Mwenye simu janja anaweza kupiga picha kila stakabadhi kabla panya hawajaifikia, na kijana aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuzipanga katika jedwali la Excel kwa nusu saa kila Jumapili. Programu maalumu za kilimo zipo, nyingine zikiletwa na wanunuzi wenyewe bila malipo. Mkulima achunguze kitu kimoja kabla ya kufurahia cha bure: je, akihama kwa mnunuzi mwingine, anaondoka na kumbukumbu zake? Kama jibu ni hapana, hicho ni kitabu cha karani kwa sura mpya.

Wilaya hizi zina matatizo yake ambayo waliotengeneza programu hizo Dar es Salaam au Nairobi hawakuyafikiria. La kwanza ni fedha mbili. Karibu na Sirari shilingi ya Kenya hutembea sokoni kama ya nyumbani, na mtu aliyeuza ndizi kwa ya Kenya akanunua dawa kwa ya Tanzania, kisha akajumlisha zote katika safu moja, amejidanganya mwenyewe. La pili ni nani anayeshika simu. Katika kaya nyingi za Wakurya anayelima, kupalilia na kuchuma ni mama, na kaya yenye nyumba zaidi ya moja ina mashamba ya kila nyumba, lakini jina lililoandikishwa na simu inayopokea ujumbe ni vya baba. Takwimu zinazotoka hapo ni za mtu asiyekuwapo shambani. Mnunuzi anayetaka kumbukumbu za kweli amwandikishe mama pia, hata kama itachukua kikao kirefu.

La tatu ni udanganyifu wa kizembe. Karani mvivu anaweza kupiga pointi za mashamba yote akiwa amekaa ghalani, na orodha ikaonyesha wakulima 96 wanaolima juu ya bati moja. Mnunuzi makini hutambua hilo kwa dakika moja kwenye ramani, na akilitambua mara moja haamini tena orodha yoyote ya chama hicho. Pesa zinazookolewa kwa kutompa karani nauli ya pikipiki ni za bei mbaya sana.

Wakulima wengi huwa wagumu kutoa takwimu kwa kuogopa kodi, na hofu hiyo haijatoka hewani. Hata hivyo sasa ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayomtaka anayekusanya taarifa za mtu aseme ni za kazi gani, na inayompa mtu haki ya kuziona zilizoandikwa juu yake. Kwa mfanyabiashara anayekusanya namba za simu na pointi za mashamba hili si jambo la pembeni. Anapaswa kujisajili kwa Tume husika kabla ya kuanza kuorodhesha watu.

Upo upande wa mikopo pia. Julai 2021 Benki Kuu ilitangaza mfuko wa sh. trilioni 1 wa kuzikopesha benki kwa asilimia 3, kwa sharti kwamba nazo zikopeshe kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10. Mkulima wa kijijini Nyamwaga akiisikia hiyo asilimia 10 redioni huenda benki, na pale huulizwa swali moja tu: mzunguko wako wa fedha ukoje? Benki haidai leja yenye jalada gumu. Misimu miwili ya mauzo, manunuzi na malipo, vyenye tarehe na vinavyolingana na taarifa ya simu na ya chama, ni mwanzo wa mazungumzo. Bila hivyo hurudi kwa mwenye duka anayemkopesha mbolea Machi na kuchukua gunia Julai, kwa riba ambayo haijawahi kuandikwa popote.

Ng'ambo ya mpaka Kenya imekwenda njia nyingine. Tangu mwaka 2023 fedha za mnada wa kahawa hupitia mfumo wa malipo wa moja kwa moja, unaogawa kinachomhusu kila mmoja na kumfikia mkulima kwa benki au simu. Wakulima wa Tarime wanaovusha kahawa wanaijua tofauti hiyo, na vyama vya upande huu vinajua kwamba mkulima anayelipwa haraka na kupewa ujumbe wenye uzito, bei na makato hana haja ya kutembea usiku.

Kwa mwekezaji mdogo anayefikiria kununua kahawa, kukodi ghala au kuweka mashine ya kumenyea kati ya Nyamwaga na Mugumu, hesabu ya kuangalia kwanza ni hii: kumtuma kijana mwenye pikipiki na simu janja akapige pointi za wakulima 100 huchukua wiki mbili au tatu za nauli, mafuta na posho, mara moja, na baada ya hapo ni kuongeza wapya na kufuta waliouza mashamba. Mwaka mmoja baadaye atakuwa na magunia ambayo mwenzake aliyenunua barabarani hawezi kuyapata kwa bei yoyote. Wanaofanya kazi hiyo sasa, kabla ya msimu, wanapata wakulima wakiwa nyumbani. Wakisubiri mavuno, watawakuta wote wakiwa kwenye foleni ya mizani, na pointi zitapigwa ghalani.